Kocha mpya ameajiriwa: tunamtarajia afanye nini hasa?

Ijumaa ya tarehe 1 Novemba 2024, siku Manchester United ilipotangaza kwamba imemchukua Ruben Amorim kutoka klabu ya Sporting ya Lisbon, baraza yetu ya kahawa kule Mji wa Kale, Mombasa, ilijaa mapema kuliko kawaida yake. Mzee tunayemwita Ami, ambaye hukaa karibu na dele la kahawa kana kwamba ndiye mwenye duka, alirarua kipande cha boksi, akaazima kalamu kwa kijana mwendesha tuktuk, kisha akatangaza kwamba kila shabiki wa United aliyekuwapo ataje jambo moja tu analolitaka kwa kocha huyu, naye ataliandika. "Na mtu asije akanigeuka mwezi wa pili," alisema. Wa kwanza alitaka ubingwa wa ligi ndani ya miaka miwili. Wa pili alitaka Manchester City ifungwe, mengine baadaye. Mwalimu mmoja mstaafu alitaka mpira unaoeleweka, kwani kwa miaka kumi alikuwa akiitazama timu asiyojua inakusudia nini. Wa nne alitaka vijana wa akademia wapewe nafasi. Kijana wa tuktuk akasema, "Mimi, Ami, nataka tusifungwe kwa kona. Basi." Watu walicheka hadi kikombe kimoja kikapinduka.

Kipande kile cha boksi nimekirudia akilini mara nyingi, kwa sababu kinaonyesha kwa uwazi jambo ambalo kelele za siku ya uteuzi hulificha. Watu watano walikuwa wakilishangilia jina moja, lakini kila mmoja alikuwa na kocha wake kichwani. Tunasema "matumaini ya mashabiki" kana kwamba ni kitu kimoja, ilhali ni mzigo wa vitu mbalimbali vilivyofungwa kwa kamba moja: kila kimoja kina muda wake wa kuiva, na kila kimoja kina mtu wake anayeweza kukitimiza, ambaye mara nyingi si kocha. Kamba hiyo isipofunguliwa, hatuwezi kujua kama kocha ametuangusha au tulimdai deni la mtu mwingine.

Tuanze na furaha ya siku za kwanza, kwa maana ndiyo inayodanganya zaidi. Waswahili husema kipya kinyemi ingawa kidonda, na katika mpira unyemi huo huja pamoja na matokeo yanayoonekana kuuthibitisha. Mnamo Desemba 2018 United ilimfuta kazi José Mourinho na kumkabidhi timu Ole Gunnar Solskjær kwa muda. Mechi yake ya kwanza aliifunga Cardiff mabao 5 kwa 1 ugenini, akashinda mechi nane za mwanzo mfululizo, na mwezi Machi, baada ya kuing'oa Paris Saint-Germain katika Ligi ya Mabingwa, alipewa mkataba wa kudumu wa miaka mitatu. Vijana wa Majengo na Kisauni waliokuwa wamehama makundi ya mpira walirudi wakiwa na jezi mpya. Kisha upepo ukageuka: Everton ikamfunga 4 kwa 0, na siku ya mwisho ya msimu Cardiff ileile, iliyokuwa imekwisha kushushwa daraja, ikaja Old Trafford, uwanja wa United, na kuondoka na ushindi wa 2 kwa 0. Mourinho alipotimuliwa timu ilikuwa ya sita. Msimu ulipomalizika ilikuwa ya sita.

Kwa haki ya Solskjær ni lazima isemwe kwamba wastani wa pointi kwa kila mechi ulikuwa bora chini yake kuliko ulivyokuwa miezi ya mwanzo ya msimu huo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya mwamko wa namna ile ina maelezo yasiyohitaji kipaji cha mtu yeyote, na mkazi wa Mombasa hana haja ya kwenda mbali kuyaelewa. Maji ya bamvua yakikupwa, njia ya kupandia feri ya Likoni huwa mteremko mkali, na tuktuk zilizopakia hupanda kwa tabu. Mtu aliyefika saa hiyo kwa mara ya kwanza, akasimama pale saa chache, ataona maji yakipanda na njia ikilainika. Ukimwambia kwamba kuna bwana mmoja aliyeajiriwa asubuhi ile kuinua bahari, huenda akakubali. Klabu humfuta kocha wakati maji yamekupwa kabisa. Timu iliyopoteza mechi tano kati ya sita haikuzipoteza zote kwa ubovu wake: mpira uligonga mwamba, beki tegemeo aliumia, ratiba iliwaleta wakubwa watatu kwa mfuatano. Mambo hayo hayadumu. Yanapoisha, anayekutwa kitini ndiye anayepokea pongezi.

Haya si maneno ya barazani tu. Mwanauchumi wa Uholanzi, Bas ter Weel, alichunguza ligi kuu ya nchi yake kuanzia mwaka 1986 hadi 2004 kwa swali la akili sana: badala ya kuzitazama timu zilizobadilisha kocha peke yake, alizilinganisha na timu zilizopitia kipindi kibaya kama hicho lakini zikabaki na kocha yuleyule. Alikuta kwamba hata zile ambazo hazikumgusa kocha ziliinuka vilevile. Kwa United ya mwaka 2024 ushahidi ulikuwa karibu zaidi, ingawa hakuna aliyeutaja usiku ule. Erik ten Hag alifutwa tarehe 28 Oktoba timu ikiwa ya kumi na nne, na katika wiki mbili kabla Amorim hajaanza kazi, Ruud van Nistelrooy aliishika timu kwa mechi nne, akashinda tatu na kutoka sare moja. Maji yalikuwa yamekwisha kuanza kupanda kabla mgeni hajatua. Sare ya 1 kwa 1 na Ipswich, mechi ya kwanza ya Amorim, ilionekana kwetu kama kurudi nyuma, na pengine ndiyo iliyokuwa picha halisi ya timu ilivyo.

Fundo la pili ni la lugha, nalo ni letu wenyewe. Kwa Kiswahili mtu anayesimama ukingoni mwa uwanja tunamwita kocha, na kwisha. Uingereza wana vyeo viwili. Meneja wa kizamani, kama alivyokuwa Alex Ferguson wa United, alikuwa na kauli katika kila jambo, kuanzia mchezaji wa kununuliwa hadi watoto wa akademia. Kocha mkuu huletewa kikosi, akaambiwa akifundishe, huku ununuzi ukiongozwa na mkurugenzi wa michezo na watu wa takwimu. Jürgen Klopp aliajiriwa Liverpool mwaka 2015 kama meneja. Arne Slot aliyemrithi mwaka 2024 aliajiriwa kama kocha mkuu. Arsenal ilikwenda kinyume: Mikel Arteta aliingia Desemba 2019 kama kocha mkuu, na Septemba 2020 cheo chake kikabadilishwa kuwa meneja kwa sababu mamlaka yake yalikuwa yamepanuka. Amorim alikuja kama kocha mkuu, tena baada ya dirisha la uhamisho la kiangazi, yaani kipindi cha kununua wachezaji, kufungwa. Sisi tukamdai kazi ya Ferguson.

Juu ya hayo kuna hesabu ya fedha. Kanuni za Ligi Kuu ya Uingereza ziliiruhusu klabu kupata hasara isiyozidi pauni milioni 105 katika kipindi cha miaka mitatu, na si kanuni ya mapambo: katika msimu wa 2023/24 Everton ilikatwa pointi kumi, zikapunguzwa hadi sita baada ya rufaa. Kwa hiyo shabiki anayetaka kocha mpya anunuliwe winga, kiungo na straika kwa mkupuo, ombi lake linapita kwa mhasibu kabla halijamfikia kocha. Ubingwa ndani ya miaka miwili, ule mstari wa kwanza wa boksi, ulikuwa barua ya kwenda kwa wenye klabu, mkurugenzi wa michezo, idara ya fedha na, tusisahau, kwa wapinzani kumi na tisa ambao nao wana makocha wao. Jina la Amorim liliandikwa juu ya bahasha tu.

Mfano wa Slot unastahili kutajwa hapa, maana watu huutumia vibaya. Alitwaa ubingwa msimu wake wa kwanza, 2024/25, kwa pointi 84, na tangu hapo kila shabiki wa timu nyingine anauliza kwa nini kocha wake asifanye hivyo. Jibu ni kwamba Slot alirithi nyumba iliyokwisha kuezekwa: Klopp aliiacha Liverpool ya tatu kwa pointi 82, na mchezaji mpya aliyeungana na kikosi msimu ule alikuwa Federico Chiesa, ambaye hata hivyo alicheza kidogo. Busara ya Slot, kwa maoni yangu, ilikuwa katika kutokubomoa. Lakini sijapata kumsikia shabiki yeyote akiomba kocha mpya ambaye atabadilisha machache. Sote tunataka fagio.

Amorim alikuja na fagio. Alikuwa amebeba ubingwa wa Ureno mara mbili, 2021 na 2024, kwa mfumo wa mabeki watatu nyuma, wanne katikati na watatu mbele, na hapo ndipo tumaini la mwalimu mstaafu lilipolala. Ami aliutaka mfumo huo aelezwe kwa vikombe. Akamwomba muuza kahawa vikombe kumi, akavipanga juu ya baraza: vitatu, vinne, vitatu, na bakuli la kashata likawa kipa. Kisha akaweka kidole kwenye kikombe cha pembeni kabisa kulia.

"Huyu nani?"

"Dalot, Ami."

"Na wa kushoto?"

Pakawa kimya.

"Huyu wa pembeni, mwanangu, apande hadi kule mwisho akapige krosi, na mpira ukipotea awahi kurudi kuwa beki wa tano. Mnaye mtu wa mapafu hayo, au mtampigia simu Amorim aje kucheza mwenyewe?"

Swali la Ami ndilo lililoitesa United msimu mzima. Kikosi kilikuwa kimenunuliwa kwa ajili ya mabeki wanne na mawinga wa kawaida. Mtu wa pembeni wa kushoto, Patrick Dorgu kutoka Lecce, hakupatikana hadi dirisha la Januari 2025. Na hata wachezaji wangekuwapo, mfumo haufundishwi kwa mkutano. Unahitaji siku za mazoezi, na timu inayocheza Ulaya Alhamisi na ligi Jumapili hutumia siku zilizobaki kupumzisha misuli na kusafiri. Ndiyo maana wakati wa kuja kwa kocha una uzito ambao sisi mashabiki hatuupi. Amorim mwenyewe alikuwa ametamani kumaliza msimu Ureno kwanza, na mapema kabisa alionya kwamba dhoruba ingekuja. Watu wa pwani tulipaswa kulisikia neno hilo vizuri zaidi kuliko wengine.

Kwa mtu kama mwalimu wetu, ambaye hadai kombe bali uelewano, matokeo ni kipimo kibovu, angalau kwa wiki kumi za mwanzo. Mabao ni machache mno. Mechi moja huamuliwa na kuteleza kwa mtu mmoja. Watu wa takwimu wameleta hesabu ya mabao tarajiwa, ambayo huupa kila mkwaju thamani kulingana na mahali ulipopigiwa na jinsi mikwaju ya namna hiyo ilivyozoea kuishia, ili tujue kama timu inatengeneza nafasi nzuri hata pale kipa wa wapinzani anapokuwa na siku yake. Lakini hata bila hesabu hiyo, mtu aliyekaa kwenye benchi la ukumbi wa video anaweza kujiuliza mambo yanayoonekana kwa macho. Je, kipa anajua ampe nani mpira, au anaupiga mbele kwa kukata tamaa? Mpira ukipotea, wanaukimbilia wangapi, na kwa wakati mmoja? Je, kosa la wiki iliyopita limerudi leo mahali palepale? (Wakati mzuri wa kuyachunguza haya, nikiri, si Novemba. Saa za Uingereza zikirudishwa nyuma mwishoni mwa Oktoba, mechi za saa kumi na moja jioni kwetu huwa za saa kumi na mbili, Maghrib inaingia kipindi cha kwanza, na nusu ya benchi huondoka na kurudi ikiuliza nani kafunga.)

Hapo ndipo huja hoja maarufu kuliko zote: mpeni muda. Wanaoitoa hutaja jina moja. Ferguson alifika Novemba 1986, msimu wa 1989/90 akamaliza wa kumi na tatu, kombe lake la kwanza lilikuwa Kombe la FA la 1990, na ubingwa wa ligi haukuja hadi 1993. Siku hizi wanamwongeza Arteta, aliyemaliza wa nane mara mbili, akaanza msimu wa 2021/22 kwa kufungwa mechi tatu bila kupata hata bao moja, kisha akamaliza wa pili misimu mitatu mfululizo kuanzia 2022/23. Mifano yote miwili ni ya kweli, na yote miwili imeokotwa baada ya mavuno. Hatuwakumbuki waliopewa muda wakautumia kuzama zaidi, kwa sababu hakuna anayewasimulia. Muda si dawa. Mtu akisema kocha apewe muda, swali linalofuata ni muda wa kufanya nini, na tutaonaje kwamba anakifanya. Klopp alipofika Liverpool Oktoba 2015 alimaliza msimu akiwa wa nane, lakini kabla ya Mei kwisha alikuwa ameipeleka timu kwenye fainali mbili, akapoteza zote. Aliyetazama vizuri aliona mkondo unaelekea wapi, ingawa Ligi ya Mabingwa ilingoja hadi 2019 na ligi hadi 2020. David Moyes, kwa upande mwingine, alipewa na United mkataba wa miaka sita mwaka 2013, na hakumaliza msimu mmoja. Sidhani kwamba aliyeuandika mkataba ule alikuwa amejiuliza swali hilo.

Matumaini hayo yanaweza hata kugombana yenyewe kwa yenyewe. Ange Postecoglou alianza kazi Tottenham mwaka 2023 kwa kushinda mechi nane na sare mbili katika mechi kumi za kwanza za ligi, kwa mpira wa kushambulia uliowapa mashabiki raha waliyoikosa siku nyingi. Mei 2025, kule Bilbao, aliwapa kombe la Ligi ya Europa kwa kuifunga United hiyohiyo ya Amorim bao 1 kwa 0, kombe la kwanza la klabu tangu 2008. Wiki mbili na ushee baadaye alifutwa kazi, kwa kuwa katika ligi alikuwa amemaliza wa kumi na saba. Aliyetaka kombe alilipwa kikamilifu; aliyetaka nafasi nzuri ya ligi aliona aibu; na wote wawili walikuwa wamevaa jezi moja na kuliimba jina lilelile.

Hapa kwetu tunayo Bandari, klabu ya Mamlaka ya Bandari ya Kenya, yenye uwanja wake Mbaraki, na naona kwamba tumaini lake lina umbo jingine. Kocha wa Bandari unaweza kukutana naye akinunua viazi karai. Humtukani kwa urahisi, na yeye hawezi kukuahidi makubwa bila kukutazama usoni. Timu ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018 na tena msimu wa 2018/19, na mwaka 2019 ikatwaa kombe la shirikisho la soka la Kenya chini ya Bernard Mwalala. Hata hivyo ubingwa wa ligi kwa mji huu bado unasimuliwa na wazee, kwa sababu Feisal, klabu ya hapa Mombasa, iliubeba mwaka 1965. Shabiki wa Bandari anajua nani analipa mishahara na nani anapanga timu, hivyo lawama zake, hata zinapokuwa kali, huenda kwenye mlango unaohusika. Ni ajabu kidogo kwamba tunamwelewa kocha wa Mbaraki kama mfanyakazi mwenye mwajiri na mipaka, lakini yule wa Manchester tunamgeuza mganga.

Narudi kwenye boksi. City ilifungwa tarehe 15 Desemba 2024, kwao, 2 kwa 1, mabao yote mawili yakiingia dakika za mwisho, na honi za bodaboda zikasikika hadi karibu saa nne usiku. Ami aliutia alama ya vema mstari wa pili. Ligi iliisha United ikiwa ya kumi na tano kwa pointi 42, nafasi moja chini ya pale Ten Hag alipoachia, ili ijulikane alama ile ya vema ilikuwa na thamani gani.

Na kona? Tarehe 4 Desemba Arsenal ilifunga mabao mawili, yote kutokana na kona. Siku tatu baadaye Nottingham Forest ilifunga kwa kichwa cha Nikola Milenković dakika ya pili, kutokana na kona. Tarehe 19, katika Kombe la Ligi, Son Heung-min wa Tottenham alipiga kona ikaingia moja kwa moja. Tarehe 26, Matheus Cunha wa Wolves akafanya vilevile. Mabao matano katika siku ishirini na tatu, na katika orodha nzima ya Ami huo ndio mstari pekee ambao haukuhitaji pauni, dirisha, mkurugenzi wala bahati ya wapinzani. Kulinda kona ni kazi ya uwanja wa mazoezi: nani anasimama mlingoti wa karibu, nani anamzuia anayemzuia kipa, nani anabaki nje ya eneo la penalti. Arsenal walikuwa wamemwajiri Nicolas Jover mwaka 2021 mahsusi kwa mipira ya kutengwa kama kona, upande wa kushambulia na wa kulinda, na waliofungwa tarehe 4 walikuwa wanaona kazi ya mikono yake. Tumaini lililochekwa ndilo lililokuwa na anwani sahihi, na ndilo pekee ambalo tungeweza kumhukumia kocha kabla ya mwaka kwisha bila kumdhulumu.

Mwanzo wa msimu uliofuata Ami alikuja na boksi jingine. Wa ubingwa alikuwa ameshuka hadi "sita bora, tafadhali". Mwalimu mstaafu alisema atangoja aone kwanza. Zamu ilipomfikia kijana wa tuktuk, Ami alimtazama tu bila kuuliza.

"Andika ileile, Ami," alisema kijana. "Na kalamu yangu ya mwaka jana hujanirudishia."